Vanishi Haikukauka

Kaka yangu,

Huku tu wazima. Hori la kanisani nimelimaliza, ila kichwa changu unakijua: sanamu ya Mtoto Yesu niliipaka vanishi asubuhi ileile ya Krismasi, ikagoma kukauka.

Padri akacheka, "Basi, nani atatuazima mtoto?"

Binti yako, anayeishi kwangu tangu umfukuze na mimba yake, akasimama, akamlaza wake kwenye majani makavu. Kichanga kikapiga chafya. Kanisa zima likapiga magoti, hata mimi na goti langu bovu. Miaka yote nimemsherehekea Mungu aliyezaliwa zamani. Siku ile alikuwa akipumua mbele yangu.

Ana masikio yako, Kaka. Nyumbani kwako bado hakuna nafasi?

Mdogo wako, seremala