Kwa Nini Nimepungua, Mama

Mtoni Mtongani,
Temeke.
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini karatasi hii inakukuta mzima, na mvua za Tukuyu hazijakuzuia kwenda shambani. Sie huku hatujambo. Praygod ana mwaka na miezi miwili sasa, anatembea kwa kushika ukuta, na akiona sufuria anaigeuza ngoma mpaka majirani wanajua tumeamka.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Ukipiga unalia, mie nikikusikia nalia, salio linaisha hatujasema kitu. Barua nampa dada wa kanisani anayepanda basi kesho. Nakuomba usimpe mdogo wangu Herieth akusomee. Vaa miwani yako usome mwenyewe, polepole.

Najua ulivyoshtuka Herieth alipokuonyesha picha ya siku Praygod alipotimiza mwaka. Nasikia ulisema nimebaki shingo kama kuku wa kienyeji. Najua pia mjomba Valerian anapanda basi Jumamosi aje anichukue mimi na mtoto, kwa kuwa mmekubaliana kwamba mume wangu Elibariki haniweki vizuri. Ndiyo maana nataka ujue nilivyopungua, kabla mjomba hajatoka.

Mama, siku arobaini za uzazi ulinitunza mpaka jirani yangu Mauwa akasema hajaona mzazi aliyetunzwa vile. Uji wa ulezi na siagi, mtori, supu ya kongoro. Ulipoondoka uliniagiza nisiuache ule uji mpaka mtoto atembee, na mie nikatii. Mtoto alipofika miezi minane nilikuwa na kilo tisini na nne. Nikifua nguo mbili nahema.

Nikaanza kukimbia. Kila alfajiri nilizunguka kiwanja cha mpira cha hapa mtaani, na kwa haraka zangu nikajinyima chakula. Asubuhi chai ya rangi, mchana tango, jioni nasema nimeshiba. Kilo zilishuka kweli, nikajiona mjanja. Lakini siku moja nikataka kumtoa Praygod kwenye beseni la kuogea, mikono ikatetemeka, nikashindwa kumnyanyua. Nilikaa chini nimemshikilia tu humo humo kwenye maji mpaka Mauwa akaja. Sijawahi kuogopa vile.

Mauwa ndiye aliyenipeleka kwa Twaha. Ni mbeba mizigo kule Kurasini, na akitoka kazini anafundisha watu mazoezi pale pale kiwanjani. Nilimweleza ninavyokimbia na ninavyokula. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa dada, unamkimbia nani?"

Akanieleza kwamba mbio zinachoma mafuta, lakini mtu akikimbia tu huku hali, mwili unaanza kula hadi nyama yake yenyewe, ndiyo maana mikono yangu imeishiwa nguvu. Kubeba chuma ndiko kunakouambia mwili kwamba hii nyama bado ina kazi, iachwe. Akanipangia siku tatu za chuma, na tukimaliza chuma ndipo tunakimbia kidogo. Siku mbili ni mbio peke yake, zinazobaki nipumzike. Na nile: mayai, maharage, dagaa, mboga, ugali wa kiasi.

Niliogopa nitaota mabega ya kiume. Mauwa naye hakunisaidia, alisema nikijaza misuli wataniita Baba Praygod. Elibariki ndiye aliyemaliza ubishi. Alirudi kutoka kwenye kazi yake ya kuchomelea mageti na kipande cha bomba na makopo mawili ya rangi, akayajaza zege, akanitengenezea chuma changu mwenyewe. Siku ya kwanza nilikinyanyua mara nne. Sasa nafika kumi na mbili, natua, napumua, narudia.

Kuna wakati mizani iligoma. Wiki tano namba ile ile, na nilitaka kuacha. Twaha akaniambia niulize sketi, nisiulize mizani. Nikaivaa sketi ya kitenge, ikanizunguka kiunoni. Na Praygod siku hizi namnyanyua kwa mkono mmoja huku nakoroga mboga kwa mwingine.

Sasa Mama, nifike pale ninapopaogopa. Sikuanza kukimbia kwa ajili ya urembo. Nilikuwa na kiu isiyoisha, nikaenda zahanati, wakanipima. Nina sukari. Daktari alinipa vidonge, navimeza, na akaniambia nipunguze uzito. Nilirudi nyumbani nikamwapisha Elibariki asikwambie, maana nilijua utasema ni uji wako. Kwa hiyo siku ile ulipompigia ukamwita mchoyo, mwanaume anayefungia unga kabatini, mie nilikuwa nimekaa hapo pembeni yake. Nilisikia kila neno. Alikujibu, "Nimekusikia, mama," akaweka simu chini, akaendelea kumenya viazi. Sikufungua mdomo kumtetea. Hilo linaniuma kuliko huo ugonjwa wenyewe.

Si uji wako, Mama. Daktari alisema ugonjwa huu mara nyingi unatembea kwenye ukoo, akaniuliza nani mwingine anao kwetu. Nikasema hakuna. Nilipofika njiani nikakumbuka kidonda cha mguuni kwako, tangu Pasaka hakifungi, na ulivyokuwa unaamkaga kunywa maji ulipokuwa hapa. Nilitakiwa nikwambie siku ile ile. Miezi sita nimekaa kimya, na nakuomba unisamehe.

Jumamosi mjomba asije huku. Akupeleke wewe hospitali ukapimwe. Sukari yangu imeshuka, haijaisha, lakini naibeba. Yako hatuijui, na mie bado nakuhitaji sana.

Wasalimie Herieth na mjomba, na wote watakaoniulizia. Praygod anakuamkia kwa lugha yake, mate mengi maneno hakuna.

Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie Elibariki. Hajui kama nimeandika, na hajawahi kunieleza maneno yako yalimuuma kiasi gani. Saa kumi na mbili jioni anakuwa ametoka kazini. Atapokea, Mama. Simu yako anapokeaga siku zote.

Mimi mwanao nikupendaye,
Sekela, Mama Praygod