Viboksi Kumi na Kimoja

Gamgol
9 Januari 1983

Haeran,

Wewe ni mwongo, na hata huo uongo wenyewe hujui kuusema.

Kadi yako ya kusoma Biblia ya mwaka jana imefika. Viboksi mia tatu sitini na tano, vyote vina alama ya vema, vyote kwa wino uleule wa bluu, vyote vimelalia upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Umevijaza kwa mkao mmoja. Mimi sijakaa darasani, lakini macho ninayo. Tarehe mosi Oktoba, siku ya sikukuu ya mavuno, ulikuwa umelala hapa sakafuni kwangu na homa, nakulisha uji wa mchele kwa kijiko, hujui mlango uko wapi. Siku hiyo nayo ina vema. Ulisoma sura tatu za Mika huku unaweweseka?

Mchungaji Noh alikuwa ameshaliandika jina lako kwenye orodha ya zawadi. Jumapili nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Lifute." Shemasi Sunnye akajifanya anakohoa. Miaka ishirini anangoja siku ya kunicheka, na aliyempa ni wewe.

Haya, salamu. Mimi mzima, goti tu linaniuma, na kabichi ya kimchi ya mwaka huu imechachuka vizuri. Wewe hujambo? Huko mlimani unavaa soksi mbili?

Sasa nikuulize. Kazi yako ni kupima hali ya hewa. Kila baada ya saa tatu unatoka, unatazama vipimo, unaandika. Siku ukipitiwa na usingizi, utakaa kesho yake ukisie baridi ya jana? Ulinieleza kwa mdomo wako: ambaye hakupima anaacha pakiwa wazi, na anayejaza kwa kukisia anafukuzwa. Basi serikali unaiogopa, ila Mungu unamkisia.

Kadi ya mwaka huu nimeitia humu kwenye bahasha. Ni ileile, sura tatu kila siku, tano Jumapili. Usiniandikie mpaka uwe na jambo la kweli.

Bibi yako


Kituo cha Gureumjae
2 Februari 1983

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima, soksi mbili ninavaa. Theluji imefika usawa wa dirisha, tunachimba njia kila asubuhi ili tuvifikie vipimo.

Ni kweli nilidanganya. Nilivijaza vyote tarehe thelathini Desemba, kwa dakika kumi, huku redio inaimba. Nisamehe kwa aibu ya Jumapili.

Jambo la kweli ulilolitaka ni hili. Tulikwenda kanisani mimi na wewe siku mia moja, kila siku saa kumi na nusu alfajiri, kumwombea mama apone. Sikukosa hata moja. Siku ya mia na tatu tukamzika. Tangu siku hiyo nikifungua Biblia naona wino tu. Nikipiga magoti nasikia jiko linavyonguruma, basi. Na wewe, kesho yake baada ya mazishi, saa kumi na nusu uliamka ukaenda kanisani kama kawaida. Nilikutazama unavyofunga skafu nikasema moyoni, huyu hana moyo.

Nimelisema. Usiponijibu nitaelewa.

Mjukuu wako, Haeran


Gamgol
10 Februari 1983

Haeran,

Umechukua mwaka mzima na zaidi kuniambia neno moja hilo, na unajiita msomi. Hii ndiyo barua yako ya kwanza tangu mama yako afariki. Nyingine zote zilikuwa taarifa za mvua.

Mimi sijambo. Goti liko palepale, acha kuliuliza.

Sasa sikiliza nilichokwenda kufanya kanisani siku ile. Nilikaa juu ya mto wangu wa sakafuni, nikamwambia Mungu: nimekuja, sina la kukuambia. Nikanyamaza. Kesho yake tena. Miezi miwili hivyo. Wewe ulidhani naomba, na Sunnye alidhani naomba, akawa ananisifu kwa watu. Nilikuwa namwonyesha Mungu uso wangu tu, ajue kuwa nimemkasirikia lakini sijahama.

Halafu alfajiri moja kile kimya kikawa na mtu ndani yake. Sijui nikuambieje. Hakuna aliyesema kitu. Lakini unajua ukiingia chumba chenye giza ukadhani uko peke yako, kisha ukatambua kuna mtu amekaa pale siku zote? Nywele zilinisimama. Niliinama mpaka paji la uso likagusa mbao, na sikuthubutu kuinuka hadi jua lilipotoka. Nilikuwa na maswali ya kumuuliza juu ya mama yako. Sikuuliza hata moja.

Mimi nilijua kusoma nikiwa na miaka arobaini na tatu. Mke wa mchungaji wa wakati ule aliniandikia herufi kwenye majivu ya jiko. Siku niliyousoma mstari wa kwanza kabisa peke yangu, niliogopa kama mtu aliyegusa geti la ikulu, likafunguka. Mpaka leo naogopa kidogo nikikifungua kile kitabu. Wewe ulijua kusoma una miaka mitano, ndiyo maana huogopi kitu.

Unajua pia kwamba kila nikipika natenga kijiko kimoja cha mchele wa kupeleka kanisani kwa ajili ya kila mtu wa nyumba hii, nikimtaja jina. Cha kwako nakitenga. Cha mama yako bado nakitenga. Sunnye anasema aliyekufa hali wali. Nimemwambia achunge vijiko vyake.

Basi fanya hivi. Ukiweza kusoma, soma, uweke vema. Usipoweza, acha wazi. Usirudi nyuma kuziba. Mwisho wa Juni nitumie kadi yako niione ilivyo. Yangu unaijua. Miaka ishirini na tisa sijaacha kiboksi wazi.

Bibi yako


Kituo cha Gureumjae
1 Machi 1983

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sita. Februari nzima, sita. Nilikutana na ile orodha ya watu waliohesabiwa jangwani, simjui hata mmoja, nikasinzia juu yake. Lakini nimeacha wazi palipo wazi. Bado naona wino, Bibi. Nimekaa tu, kama ulivyokaa wewe.

Mjukuu wako, Haeran


Gamgol
8 Machi 1983

Haeran,

Sijambo, nawe uwe hujambo.

Mwaka jana ulikuwa na mia tatu sitini na tano, nikatembea nimeinamisha kichwa. Leo una sita, na nimekwenda kanisani shingo imenyooka. Sunnye akaniuliza, "Dada, kuna habari gani?" Nikamwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Endelea.

Bibi yako


Kituo cha Gureumjae
25 Mei 1983

Bibi yangu,

Shikamoo. Uko salama? Barua yangu ya Aprili hukuijibu, nadhani ni kwa sababu ya kupanda mpunga. Machi nilipata tisa, Aprili kumi na nne.

Lakini ninalotaka kukuambia ni la mwezi huu. Tarehe tisa ukungu ulishuka mlimani. Ukungu nimeuzoea, ila huu haukuondoka. Nilikuwa nikitoka kupima nanyoosha mkono mbele yangu siuoni. Nilishika kamba tuliyoifunga toka mlangoni hadi kwenye vipimo, nikazisoma tarakimu kwa tochi, nikarudi kwa kamba. Kwenye safu ya umbali wa kuona niliandika sifuri. Kesho yake sifuri. Siku kumi na moja, hadi tarehe kumi na tisa.

Kila alfajiri nilikuwa naamka kabla ya saa ya zamu, sijui kwa nini. Hakuna aliyeniamsha. Nilikaa nikasoma. Nilimaliza Nehemia, nikaingia Esta, na wewe unajua kitabu hicho Mungu hatajwi jina hata mara moja. Nimekipita utotoni mara ngapi bila kuliona hilo. Nikawa nasoma huku natazama dirisha jeupe, nikafikiri: sioni bonde, lakini bonde lipo. Nikaogopa, Bibi. Sikuogopa kwa ubaya. Ni kama siku nilipokuwa mdogo ukanibeba kunionyesha bahari, nikaficha uso shingoni mwako.

Sikuomba maneno mengi. Nilikutaja wewe tu. Kila siku, wewe, bila kujua kwa nini wewe.

Siku ya kumi na mbili ukungu ukafunuka, na milima yote ilikuwa pale.

Nijibu.

Mjukuu wako, Haeran


Kituo cha Gureumjae
28 Juni 1983

Bibi,

Shikamoo. Kadi hii hapa, kama ulivyoagiza. Si nzuri sana lakini ni ya kweli.

Mbona kimya? Nimemwandikia Mchungaji Noh, naye kanijibu mistari miwili tu: bibi yako atakuandikia mwenyewe. Nini kimetokea? Unanitia hofu. Nimeomba ruhusa kazini, nimenyimwa hadi Agosti.

Haeran


Gamgol
10 Julai 1983

Haeran,

Usiucheke mwandiko huu. Ni wa mkono wa kushoto, na barua hii imenichukua siku tano. Mchungaji nilimkataza asikuambie. Wewe ungeshuka mlima huo mbio na kuvunjika mguu, tukawa wagonjwa wawili.

Mimi nipo. Wewe hujambo?

Tarehe tisa Mei alfajiri nilianguka karibu na jiko, kijiko cha mchele kiko mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafungwa. Siku kumi na moja sikutoa neno. Nasikia kengele ya kanisa, siwezi kuinuka. Namtafuta Mungu kichwani, nalikosa hata jina Lake. Watu wa kanisa walikuja kunisomea, lakini katika giza la akili yangu maneno yalikuwa yanapita kama maji juu ya jiwe. Na Sunnye anasoma kama anafukuza kuku. Nikasema moyoni: miaka ishirini na tisa, sasa uzi umekatika.

Tarehe ishirini ulimi ukalegea. Neno la kwanza nililotoa lilikuwa jina lako. Sunnye alilia, mpumbavu yule. Kisha akachukua kadi yangu na kalamu, akasema, "Dada, nikuwekee alama za siku zile? Mungu anajua ulikuwa mgonjwa." Nilimtazama mpaka akaiweka kalamu chini. Nilikuwa nimekutukana wewe mbele ya kanisa zima. Nijaze mimi?

Kwa hiyo na mimi nina viboksi wazi. Kumi na kimoja. Niliona aibu kukuandikia, ndiyo sababu ya kimya. Sasa umejua.

Kisha kadi yako ikafika. Nilikuwa nimekaa kwenye mlango wa karatasi, jua la asubuhi linapenya. Nikaiweka yako juu ya yangu, nikaziinua kwenye mwanga ili nihesabu makosa yako. Kwenye viboksi vyako vingi vilivyo wazi naona vema zangu kwa nyuma. Nikafika Mei. Tarehe tisa, yangu wazi, yako ina vema. Kumi, vema. Kumi na moja. Nikafuata kwa kidole cha mkono mzima. Hadi kumi na tisa. Vema kumi na moja, wino tofauti tofauti, moja imepinda, moja imedondokewa na supu.

Tangu mwaka uanze, Haeran, hakuna siku hata moja iliyo wazi kwenye kadi zote mbili.

Nilitoa barua yako ya ukungu nikaisoma upya. Ulikuwa unanitaja, na hukujua. Nimesali miaka ishirini na tisa nikidhani mimi ndiye ninayeushika uzi. Niliziweka kadi chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Nilikaa hapo mpaka jua likahama mlangoni. Tungedanganya sisi wawili, hata mmoja tu, tusingeliona hili kamwe.

Usinitafutie maelezo kwenye vitabu vyako vya hewa. Nyamaza nalo.

Mguu wangu unaanza kusikia. Vijiko vya mchele anapima Sunnye, namtajia majina kutoka hapa kitandani, na cha mama yako nimemwamuru asikipunguze.

Mwezi Agosti utakuja, utanibeba mgongoni saa kumi na nusu hadi kanisani, na utanikalisha juu ya mto wangu. Mpaka hapo, barua hii ikikufikia tutakuwa kwenye Mithali. Kesho yake amka, soma sura tatu kwa sauti, taja jina langu, kisha nenda kapime baridi yako. Siku utakayoshindwa, usikiguse kiboksi. Kiache wazi.

Bibi yako