Tela la Ng'ombe wa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mama amekubali! Atakuja kuishi nasi. Tangu ateleze bafuni sijalala vizuri, na kila nikimbembeleza ananijibu kwamba ana kwake. Leo kakubali — kwa sharti. Bila ng'ombe wake wawili, haji. Basi na waje. Nyasi zipo.

Jumatano, 5 Machi
Tela la kubebea ng'ombe tutaazima kwa jirani. Mume wangu anasema twende tu: si biashara, ni ng'ombe wa mkwewe, leseni nyingine ya nini? Nikapita ofisi ya leseni kuuliza. Dada wa dirishani akacheka. Eti mzani haujui ng'ombe wa biashara na ng'ombe wa mama! Leseni yangu ni ya tela dogo tu. Zito lina daraja lake, na mtihani wake. Ya mume wangu ni kama yangu, kwa hiyo ananuna. Nitafanya mimi.

Jumamosi, 15 Machi
Mafunzo. Mwalimu wangu nimembatiza Taratibu, maana hana neno jingine. Kurudi nyuma na tela — Mungu wangu! Ukitaka mkia uende kulia, usukani unauzungusha kushoto. Mikono inagoma kabisa. Nimeangusha mapipa yote ya kuonyesha njia. Taratibu akamaliza chai yake, akasema rudia.

Nimempigia Mama kumsimulia. Kacheka mpaka kakohoa. Nisijitese, anasema, hayo ni mambo ya watu wa malori. Utaona, nikamwambia!

Alhamisi, 27 Machi
NIMEFAULU! Tela lilijaa mifuko ya mchanga badala ya ng'ombe. Nilitaka kuondoka bila kuchomeka waya wa taa. Mtahini ananitazama tu. Nikashtuka, nikashuka, nikachomeka. Kurudi nyuma — mara moja, sawasawa! Mume wangu kanikumbatia mbele za watu.

Mama alinyamaza kwenye simu. Kisha: hongera, mwanangu. Mtandao ulikuwa mbaya, nadhani.

Jumapili, 30 Machi
Naandikia ndani ya gari, uani kwa Mama. Tela nimeliingiza kinyumenyume kwenye lango lake jembamba, nguzo sikugusa. Ng'ombe wamepanda bila ubishi. Mume wangu kafunga komeo.

Mama hakutoka. Nikamfuata. Yuko jikoni na nguo zake za kazi, anachambua maharage — ya wiki nzima! Begi hata hajalishusha kabatini. Nikamwambia, Mama, twende, ng'ombe wako tayari. Hakuinua macho. Mwanangu, akasema, nani angejua kwamba utaipata hiyo leseni?

Nikatoka, nikarudi garini. Kumbe alitafuta sharti ambalo kwetu hakuna wa kuliweza, ili asinikatalie usoni. Nimeumia. Hasira sina, ila nimeumia, na nikifikiria bafu lile naogopa.

Ng'ombe mmoja anapiga kwato. Mume wangu kainama dirishani, anauliza kwa sauti ya chini: tuwashushe?