Siku Mama Alipopanda Feri ya Likoni

Majengo, Mombasa
Jumapili, 14 Novemba 1954

Kwako dada yangu Muthoki,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto wote hapo Matinyani. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na kwamba mvua iliyoanza mwisho wa mwezi uliopita haijakatika. Mama ananiuliza kila asubuhi kama mbaazi zimeshika, kana kwamba mimi naziona kutoka huku. Sisi hatujambo. Mtoto ananyonya vizuri, mume wangu Mutie yuko kazini bandarini kama kawaida, na Mama mwenyewe ana afya. Barua hii nampa Hassan, yule mwenye duka la nguo Kitui mjini, anayepanda gari la moshi kesho. Mama atafuata Ijumaa. Nimetaka ikufikie kabla yake, na tafadhali uisome ukiwa peke yako.

Uliniandikia kwamba Mama anakuja kwa mambo mawili: kumwona mjukuu, na kuonyeshwa mahali alipozikwa Baba ili amuage, kabla hajaolewa na Mzee Jonah wa kanisani mwezi wa kumi na mbili. Hilo la kwanza lilikuwa rahisi. Hilo la pili lilininyima raha tangu nilipofungua barua yako. Siku aliyofika, hata kabla hajatua kikapu vizuri, aliniuliza kaburi liko upande gani. Nikamwambia kwamba watu waliokufa bandarini miaka ile ya vita walizikwa ovyo ovyo, na hakuna anayejua nani amelala wapi. Akasema basi atatafuta wazee waliofanya kazi huko wakati ule, awaulize.

Kwa hiyo nikaamua kumchosha kwa matembezi. Jumatatu nilimpeleka Ngomeni, tukazitazama zile kuta kwa nje, maana ndani ni jela. Siku ya pili tulizunguka sokoni mpaka miguu ikavimba. Jumatano tulikwenda kule kwenye mnara wa taa kuangalia meli zikiingia, na hapo ndipo alipoiona feri kwa mbali ikivuka kwenda Likoni. Alishangaa kuona lori limesimama juu yake na haizami. Nilimwambia ni chombo cha watu wa ng'ambo tu, na kwamba huko hakuna cha kuona.

Jioni akamsimulia Mutie. Mutie akacheka, akasema nimemdanganya Mama, kwamba Likoni kuna mchanga mweupe mzuri kuliko upande huu wote, na Mkamba aliyefika Mombasa asipande feri akirudi nyumbani ataulizwa alikwenda kufanya nini. Akaahidi kutupeleka Jumamosi akitoka kazini. Nilisema mtoto ana mafua. Nikasema Mama ataogopa maji. Mama akajibu kwamba haogopi, na akaniuliza mbona nataka kumwogopesha. Mwisho nilikubali, lakini nikashikilia kwamba tusivuke kabla ya saa nane. Mutie alitaka kujua kwa nini. Nilisingizia jua.

Basi jana tulikwenda. Kabla Mama hajakanyaga ile feri nilitangulia nikawatazama wafanyakazi wake mmoja mmoja, nikaona ni vijana watupu. Nikatulia. Tulivuka salama, tukatembea ufuoni, Mama akavua viatu akaingia majini mpaka kwenye magoti. Akayaonja yale maji, akatema, akacheka mpaka akakaa chini. Nadhani sijamwona akicheka hivyo tangu nikiwa mtoto. Nilijilaumu kwa kutaka kumnyima siku kama ile.

Tuliporudi gatini ilikuwa karibu saa kumi na moja, na watu walikuwa wengi: wenye baiskeli, wenye matenga ya kuku, na lori la nazi. Tulikuwa tumeshaingia ndipo nilipomwona mzee mmoja mbele, karibu na mnyororo, anakunja kamba. Nilimvuta Mama nyuma ya lori, nikamwambia huku hakuna upepo. Akanifuata. Nilimshika mkono safari nzima, na mtoto mgongoni akawa analia.

Tulipokaribia upande wa Mombasa, yule mzee akapaza sauti kuwaambia watu wasiruke, wabaki nyuma ya mnyororo mpaka feri iguse. Alisema hivyo mara mbili. Mkono wa Mama ukakakamaa ndani ya wangu. Hakugeuka. Tulishuka, tukapanda kile kilima pamoja na watu, nami nikaanza kuamini kwamba imepita.

Mutie alisimama kununua muhogo wa kuchoma. Mimi nilimfungua mtoto ili nimfunge upya na leso. Nilipoinua kichwa Mama hakuwepo.

Nilikimbia kurudi chini. Feri ilikuwa imeshaondoka, na kile kitambaa cha manjano ambacho Mama alijifunga kichwani nilikiona kule mbele, karibu na mnyororo. Mutie alinifikia akihema, akataka kuwaita askari, maana Mama hajui Kiswahili zaidi ya salamu, atashuka Likoni apotee. Yeye alidhani Mama amepotea. Mimi nilijua hajapotea. Nilisimama pale ukingoni nikiangalia feri ikiwa ndogo, ikagusa ng'ambo, ikakaa, ikakaa sana, halafu ikaanza kurudi. Niliogopa kwamba amezimia. Niliogopa kwamba amejitupa majini. Nikaogopa vilevile kwamba yu mzima na anajua.

Ilipogusa, watu walishuka, baiskeli zikashuka, na wawili wakabaki. Mama na yule mzee walikuwa wamesimama, mmoja upande huu wa mnyororo, mwingine upande ule. Nilimpa Mutie mtoto, nikamwomba abaki, nikaingia peke yangu. Feri ikajaa tena, ikaondoka.

Dada, yule mzee ni Baba. Ni Ndeti yule yule wetu, na lile dole gumba la kushoto lililokatika nusu, unalolijua. Ana mvi na kofia ya kushonwa, na watu wa feri wanamwita Yakub. Zile habari zilizoletwa nyumbani mwaka wa 1945, kwamba alifunikwa na mizigo Kilindini akafa, zilikuwa nusu ya kweli. Mizigo ilimwangukia, akalala hospitali miezi mingi, na alipotoka alikuwa na mguu mbovu na hana kazi. Mwanamke mmoja wa Likoni aitwaye Tima alimtunza, baadaye Baba akamwoa, na wana watoto watatu. Aliposikia kwamba nyumbani amekwisha kuliliwa, akaona haya kurudi. Hayo aliyasema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, macho yake kwenye maji.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaninyooshea kidole, akamwuliza, "Na huyu, unamjua?"

Baba akasema, "Namjua. Tulionana mwaka juzi."

Hapa, Muthoki, ndipo nilipotaka kufika tangu nilipoanza kuandika. Ni kweli. Nilikuwa nimekaa Mombasa miezi mitatu tu, nikapanda feri ile asubuhi moja, nikaisikia sauti yake. Nilimfuata nikamwita Baba, naye akalia mbele za watu. Aliniomba nisiseme. Aliniambia, "Niache nife vile nilivyokufa." Nami nikamwacha. Sikumwambia hata Mutie. Nilijiambia kwamba Mama ametulia, kwa nini nimfukulie kidonda. Halafu ukaniandikia habari za Mzee Jonah, na uliandika kwa furaha, nikaona sasa nimechelewa. Kila barua niliyotuma, ile uliyokuwa ukimsomea Mama jikoni, niliiandika huku najua. Nilijifunza saa za kazi za Baba ili nimfiche Mama. Jana walikuwa wamembadilishia zamu.

Mama alinitazama muda mrefu. Nikasema ni kweli. Hakunigombeza. Alimgeukia Baba akamwambia, "Kanisani wananiita mjane, nami naitika. Sema mbele ya mtoto wako. Mimi ni mkeo au si mkeo?"

Tulikuwa tumefika Likoni. Ilibidi Baba aende afunge kamba na kushusha mnyororo, watu wapite. Tulimngoja. Nilidhani atashuka na wale watu asirudi. Alirudi akichechemea, akavua kofia.

"Nilikuacha, Kalunde," akasema. "Wewe huna kosa."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Akamwambia kwamba mbuzi wa kuvunja ndoa, anayerudishwa kwa watu wa mume kama desturi inavyotaka, atapelekwa kwa kaka yake Baba kule Kabati, na kwamba Baba asimkatae. Akaenda kukaa kwenye benchi, nikakaa karibu naye, tukavuka kurudi.

Sasa sikiliza anavyotaka. Shemeji achague mbuzi mwema, asiye na kilema, ampeleke Kabati mbele ya wazee wawili. Mzee Jonah asiambiwe na mtu yeyote. Mama atamwambia mwenyewe mbele ya mchungaji, na wakikataa kufungisha ndoa hiyo, atabaki nyumbani kwake. Anasema hawezi kusimama kanisani na kuapa juu ya kaburi lisilokuwepo. Mimi nakuomba unisamehe. Mutie ameshajua, na tangu jana haniongeleshi sana.

Nilipomaliza kuandika, Mama aliniamuru nimsomee yote kwa Kikamba, nami nimesoma bila kuruka kitu. Amesema niongeze hivi: usianze kulia upya kwa ajili ya Baba, yeye Mama alikwisha kumaliza kulia; na uje na lori mapema umpokee stesheni ya Kibwezi, kwa kuwa palizi haingoji.

Wasalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina lake, na mwambie shemeji namheshimu sana. Mungu awaweke.

Ni mimi mdogo wako,
Nthenya