Bonyezeni Mniunge Mkono

Shoga, uko? Usipige, nimejifungia chooni. Soma tu.

Unakumbuka nilivyokutambia kwamba ile mito ya makochi ninayouza mtandaoni inaniletea faida? Faida hakuna. Nimekula hasara, tena ya kujitakia.

Shemeji yangu mhasibu kaja leo, nikamwonyesha hesabu zangu kwa mbwembwe. Kitambaa, fundi, kutuma mzigo, vyote nimepiga. Kwenye gharama ya tangazo la mtandaoni nimeandika "kidogo". Akauliza, "Kidogo ni ngapi?"

Kidogo ni ngapi, shoga.

Tukafungua simu. Kumbe wenye mtandao wanakata hela kila mtu anapobonyeza tangazo, anunue asinunue. Na langu limebonyezwa balaa. Shemeji akashangaa, "Wanabonyeza hivi halafu hawanunui? Ni kina nani hawa?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Maana nawajua. Ni mimi niliyeandika kwenye kundi la familia: "Jamani mama zangu na shangazi zangu, mkiliona tangazo langu bonyezeni, mniunge mkono." Na wameniunga mkono kweli. Asubuhi na jioni, kama dawa.

Shemeji hakucheka. Bora angecheka.

Nikampigia mama nimwambie aache. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi, "Mwanangu, leo nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Nimeazima na simu ya jirani."

Nikamwambia asante, mama.