Beringi Ambazo Hazijalia

Jumatatu, 3 Machi

Nimeacha pikapu gereji Maua saa moja asubuhi. Gaskiti ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, imekufa, oili inadondoka kila ninapoegesha. Kazi ya siku moja, ndivyo tulivyokubaliana. Kesho saa sita miraa ya mteja wangu Mama Makena lazima itoke Laare, ifike Embu ingali mbichi. Nikikosa, atapakia kwa dereva mwenzangu Kirimi, na Kirimi hatamrudisha kwangu.

Saa tisa fundi Mutwiri amepiga simu. Eti tubadilishe na beringi za krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini, maadamu sampu iko chini. Siku mbili zaidi. Nimekataa.

Jumanne, 4 Machi

Nina hasira. Injini haijanoki, haijagonga hata siku moja. Nimemwambia Mutwiri hivyo mbele ya gereji nzima. Akajibu:

"Baite, ikishaanza kunoki huniiti mimi. Unaita wa vyuma chakavu."

Wote wakacheka. Sikucheka. Mafundi ni walewale. Unampelekea kikohozi, anataka kukupasua tumbo. Nimemwambia afunge. Akasema gaskiti mpya itafika kesho. Hila tupu.

Mama Makena amepakia kwa Kirimi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatano, 5 Machi

Gaskiti imefika. Lakini nilitaka kwanza kumwaibisha Mutwiri kwa ushahidi. Mimi hubadilisha oili kwa wakati na tarehe zote ziko humu. Kabla ya chai nimefungua shajara kuanzia Oktoba. Tarehe za oili ni sawa, zote.

Katikati yake, 14 Novemba: "Taa ya oili imewaka kwenye kilima karibu na Nchiru, ikazimika. Imewaka tena Chuka. Siwezi kusimama na miraa. Fundi wa umeme kando ya barabara asema ni waya tu. Nimebandika stika ya kanisa juu yake isinisumbue."

Nilikuwa nimesahau kabisa.

Nimehesabu safari tangu siku hiyo. Arobaini na tatu. Taa ikiwa gizani, beringi labda zikisagika bila oili ya kutosha.

Mwandiko ni wangu. Hakuna wa kugombeza. Nimegombeza kuku.

Nimempigia Mutwiri. Atoe beringi, asitupe hata moja, nataka kuziona. Hakuuliza kwa nini. Hilo nalo limenikera.

Kisha Mama Makena. Nimemwambia Ijumaa ampe Kirimi tena. Akauliza:

"Sasa Baba Kendi, wewe unanipea siku gani?"

"Jumatatu."

"Haya. Lakini jua Kirimi ameshaiulizia hiyo Jumatatu."

Alhamisi, 6 Machi

Mutwiri amepanga beringi juu ya gazeti. Vibati vyembamba vilivyopinda nusu duara, vyepesi mno kwa kazi vinayofanya. Uso wa ndani unapaswa kuwa wa kijivu. Vitatu vimelika hadi shaba inaonekana. Nimepitisha ukucha, ukakwama.

Nimemuuliza zingenifikisha wapi.

"Embu, ungefika. Kurudi, sijui."

Nilipokuwa naondoka akaongeza, "Na ile stika ya kwa dashbodi, baite. Itoe."

Kumbe aliiona tangu Jumatatu. Aliiona, akanyamaza, akaniacha nipige kelele mbele ya watu siku nzima. Nimekasirika upya. Angesema.

Ingawa sijui kama ningemsikiza.

Jumamosi, 8 Machi

Injini imefungwa tena, na beringi mpya. Mutwiri amenipa beringi kuukuu ndani ya mfuko. Nimezitundika msumarini, juu ya kiti ninapoandikia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebandua stika kwa maji moto na kisu. Imebaki gundi kidogo. Nimegeuza ufunguo. Taa imewaka, nyekundu. Injini iliposhika, taa ikazimika.

Mama Makena amenipakia nusu ya magunia. Nusu nyingine amempa Kirimi. Nimefunga kamba, nikaondoka.

Kirimi amenipita karibu na Nchiru akipiga honi. Sikumfuata. Nilikuwa naangalia taa.