Pete Isiyo na Mshono

Jumapili, 4 Mei

Leo nina neno! Sindano amekuja kula mchana. Mwanangu wa mwisho huyu, jina tulimpa tangu mdogo kwa wembamba na ukali. Anasema Jumatano kiwandani kwao ni siku ya wageni, kila mfanyakazi alete mtu mmoja. Amenichagua mimi! Baba yake kanuna kidogo, kisha akasema basi yeye atasimuliwa. Atasimuliwa mpaka aombe radhi.

Niandike alivyonieleza, nisije nikasahau mbele za watu. Injini ya ndege ina mapanga kama ya feni, makubwa, yanazunguka kwa kasi ya kutisha. Panga moja likikatika, linaweza kuchomoka likatoboa ubavu wa ndege, pale walipoketi watu. Ndiyo maana injini inavishwa pete kubwa ya kulizuia. Ya chuma ni nzito mno. Kiwandani kwao wanaifuma kwa nyuzi za kaboni, nyeusi, nyembamba kuliko unywele. Ikishafumwa inanyweshwa gundi, inaokwa kwenye tanuri, inakuwa ngumu kama jiwe. Walikuwa wanafuma kitambaa kirefu halafu wanaunganisha ncha. Sindano wangu akasema hapana, tufume duara zima, lisilo na mwanzo wala mwisho. Bila mshono. Wazo lake hilo!

Nikamwambia, mimi fundi cherehani mwaka wa thelathini na moja huu. Suruali zote zinazoletwa hapa zimepasukia wapi? Kwenye mshono!

Akacheka. "Kwani unadhani mimi nilijifunzia wapi, mama?"

Nikaenda kujifanya naosha vyombo. Machozi ya uzee haya, hayaulizi.

Jumanne, 6 Mei

Gauni la kesho tayari. La bluu, mikono mirefu, kola nimeifumua mara mbili.

Mama Pacha wa nyumba ya pili kaleta sketi ya kupunguza. Sikumpa nafasi ya kuketi. Nikamwambia mwanangu anaifumia ndege nguo.

"Kwani ndege inasikia baridi?"

Nikamwambia cheka tu, siku ukipanda ukashuka salama utamshukuru nani? Anasema rubani. Rubani yuko mbele, mwenzangu, injini ziko pembeni! Tumecheka mpaka sketi tumeisahau mezani.

Jumatano, 7 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilijipaka mafuta ya mgando mikononi, mengi, nikasugua mpaka viwiko. Vidole vyangu vimechomwa sindano miaka yote hii, ngozi imepasuka. Sikutaka mtoto aone haya kunishika mkono mbele ya wenzake.

Mlangoni wakanivisha koti jeupe, kofia ya nywele na glavu. Ndani kusafi kuliko hospitali. Mtambo wa kufuma umepita paa la nyumba yetu kwa urefu, na vibobini vya nyuzi mia kadhaa vinavyozunguka kama watoto wanaocheza duara. Nikasimama nimepigwa na butwaa. Cherehani yangu ingeona mtambo ule ingeacha kazi.

Mkuu wao anatembea na rula mfukoni, nyuma ya mgongo wake wanamwita Mzee Rula. Mkavu, hacheki. Lakini akaniambia, mama, pete tumeifuma siku kumi na tisa. Mwezi ujao inakwenda kwenye injini ya majaribio, panga litakatwa makusudi tuone kama pete italishika. Ikilishika, idara nzima ya ufumaji tunampa binti yako.

Idara nzima! Meno yangu yote yalikuwa nje.

Na pete yenyewe sasa. Imesimama kwenye fremu yake, bado haijanyweshwa gundi, nyeusi, inang'aa kama nywele zilizochanwa vizuri. Mtu kamwita Sindano pembeni kuuliza jambo. Nikabaki mimi na pete.

Fundi hakijui kitambaa kwa macho. Na glavu ile — ni sawa na kuonja mchuzi umefumba mdomo. Nikavua ya kulia. Mara moja tu! Nikashika ukingo kama ninavyoshika kitambaa chochote, gumba nje, vidole vinne ndani, nikasugua taratibu. Laini. Nzito. Nikautafuta mshono, nikautafuta, haupo! Nikarudisha glavu upesi.

Sindano akarudi. "Umeionaje, mama?"

"Nimeiona," nikamwambia.

Siri yangu na pete. Nimetabasamu njia nzima.

Alhamisi, 8 Mei

Sindano kapita jioni kuniletea mtandio niliousahau. Akasema leo kiwandani kulichafuka. Msichana mmoja kaondolewa kwenye kufuma mwezi mzima, kakutwa na mkate wa siagi karibu na mtambo.

Nikasema, jamani, mkate tu?

"Si mkate, mama. Siagi. Kidole chenye mafuta kikigusa nyuzi, gundi haishiki pale. Kwa nje huoni kitu. Ndani tabaka zinaachana. Siku panga likikatika, linatokea hapo hapo."

Mafuta.

Nikaificha mikono chini ya ule mtandio. Akaniuliza nina nini. Nikasema mgongo. Akaniwekea mto, akanibusu shavuni, akaenda zake. Mlangoni akakumbuka: gundi wanainywesha Jumatatu saa nne asubuhi, nimwombee.

Ijumaa, 9 Mei

Sijasema.

Nimeshona mkono wa shati la mtu ndani nje. Mama Pacha kaja kuchukua sketi yake, akauliza ndege imeshavaa? Nikaendelea kuufumua ule mkono. Akanishika paji la uso. Kasema nipumzike, sketi si ya harusi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia baba yao. Alicheka kwanza! "Umeishika nguo ya ndege kama unapatana bei sokoni!" Halafu akaniangalia usoni, akaacha.

Nikamweleza yote. Nikisema, wataulizana nani alimwacha mgeni peke yake na pete. Ni Sindano. Idara imekwenda, pengine na kazi. Nisiposema, pete ikitoboka watasema wazo lake ndilo bovu, watarudi kwenye kuunganisha. Na yeye atajiuliza maisha yake yote alikosea wapi. Au huenda isitoboke. Nimegusa padogo tu, pa kiganja.

Akaniuliza pete ile kazi yake nini.

Nikasema, kuzuia panga lisiwafikie watu.

Akarudi kwenye redio yake.

Jumapili, 11 Mei

Nimempigia Sindano mara tatu, hapokei. Mwisho kapiga mwenyewe, sauti yote furaha. "Mama, unajua Mzee Rula kasema nini? Kasema gauni lako lilikatwa na mtu anayejua kazi." Mzee Rula huyo huyo asiyecheka! Siku nyingine ningetoka nje nikatangaza mtaa mzima.

Nikasema kesho nakuja kazini kwako.

"Kesho nina gundi, mama."

"Kabla ya gundi."

Akasema sawa, mama.

Jumatatu, 12 Mei

Naandikia kwenye benchi la mapokezi. Daftari nimekuja nalo kwenye pochi, mikono lazima ifanye kitu. Leo haina mafuta, nimeinawa mara nne kwa sabuni ya kufulia. Imekauka kama gome.

Nilifika saa mbili. Mlinzi akauliza mimi nani, nikamwambia mimi ni mama wa yule aliyefuma pete isiyo na mshono. Hata leo! Mdomo wangu huu.

Sindano akaja mbio akidhani kuna msiba. Nikamwambia nikiwa nimesimama, nilijua nikiketi nitazunguka. Nilivua glavu. Nilikuwa nimepaka mafuta. Niliishika.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza mafuta gani. Mkono upi. Saa ngapi. Kama daktari. Kisha akasema, "Mama, ni mimi niliyekuacha pale," akaingia ndani akitembea haraka.

Saa tatu na robo. Katokea na karatasi, akaijazia hapa hapa juu ya goti lake. Nimeona, sikupenda kuchungulia lakini nimeona. Mahali pa kuandika nani aliyekiuka utaratibu, kaandika jina lake. Nikamwambia andika langu. Akasema hawana mahali pa mama.

Ana macho mekundu. Lakini kaketi karibu yangu, mguu wake umegusa wangu.

Kasema wana taa ya zambarau, mafuta yakipigwa mwanga wake yanang'aa. Wameona alama moja, ya gumba. Mzee Rula anataka kukata sehemu ile ya ukingo, kwa vipimo huenda itakayobaki inatosha. Wasipoweza, ni siku kumi na tisa upya, na wenye injini hawasubiri.

Nikasema, moja? Mtu hashiki kitambaa kwa kidole kimoja! Gumba nje, vidole vinne kwa ndani. Ndani mmeangalia?

Akaniangalia. Akaruka kama aliyeumwa na siafu, akakimbilia ndani.

Saa tatu na dakika arobaini. Karudi na boksi la glavu. "Mzee anataka uje uonyeshe mwenyewe ulivyoshika. Lete mikono." Akanivisha moja moja, akivuta kila kidole mpaka kwenye ncha, kama nilivyokuwa nikimvisha yeye soksi za shule. Nikamwuliza, umenikasirikia? Akasema, "Sana, mama." Bado kashikilia mkono.

Kaingia kuwaambia niko tayari. Nawasikia ndani. Sauti ya Mzee Rula, kisha ya Sindano juu yake. Haitetemeki.

Mlango unafunguliwa. Mwandiko huu mbaya ni wa glavu. Sizivui